Waksi ya kupuliza au ya kopo: ipi inalinda rangi ya gari?

Jibu fupi kwanza kwa wenye haraka. Waksi ya kupuliza inalinda rangi ya gari, lakini ulinzi wake ni mwepesi na haukai. Kwa gari linalolala nje na kutumika kila siku, hesabu wiki mbili hadi nne. Likilala bandani pengine itafika mwezi na nusu. Waksi ngumu ya kopo hukaa mwezi mmoja hadi mitatu. Silanti, yaani waksi ya kiwandani iliyotengenezwa kwa polima, hukaa miezi minne hadi sita. Seramiki, yaani mpako wa majimaji unaokauka kuwa mgumu na kupakwa na fundi, huhesabiwa kwa miaka.

Ukizitazama namba hizo peke yake utasema chupa ya kupuliza ni kupoteza pesa. Lakini namba hazisemi ni nani atakayeipaka, ataipaka mara ngapi, na itakaa juu ya nini. Mimi naitetea chupa hiyo, ila si kwa kazi ambayo wengi huinunulia.

Kinacholindwa ni nini hasa

Rangi ya gari la kisasa haiko tabaka moja. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi angavu ambayo mafundi huiita klia. Yote kwa pamoja, kwenye rangi ya kiwandani, mara nyingi huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Klia peke yake ni kama mikroni 35 hadi 50. Unywele wa binadamu una mikroni 70 hivi. Mng'ao wote wa gari, basi, umebebwa na ngozi nyembamba kuliko unywele, na kila linapopigwa polishi ya kusaga sehemu ya ngozi hiyo inaondoka na hairudi.

Waksi ya aina yoyote inakaa juu ya klia hiyo kwa unene ambao kwa kawaida haufiki hata mikroni moja. Ukilijua hilo, utazijua pia ahadi za kupuuza. Hakuna waksi inayozuia kokoto lililorushwa na tairi la gari la mbele. Hakuna inayozuia ufunguo, wala mlango wa jirani kwenye maegesho. Kwa mambo hayo kinachofaa ni filamu ya plastiki ya polyurethane inayobandikwa juu ya rangi, yenye unene wa mikroni 150 hadi 200, na hiyo ni kazi nyingine na gharama nyingine kabisa.

Hata jua, ambalo ndilo sababu ya kwanza watu kununua waksi, halizuiliwi sana nayo. Klia ina viambato vyake vya kufyonza mionzi ya urujuanimno, vilivyochanganywa humo tangu kiwandani. Tabaka la waksi lisilofika mikroni moja linaongeza kidogo sana. Klia ikishaanza kubanduka kama ngozi iliyoungua, hakuna chupa wala kopo litakaloirudisha. Hapo ni kupiga rangi upya.

Isipokuwa kwa magari ya zamani ambayo hayana klia. Chukua kitambaa cheupe, tia polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, basi rangi yenyewe ndiyo iliyo juu, haina kifuniko, na ndiyo inayopauka na kutoa unga kama chaki. Gari la namna hiyo lipe waksi ya kopo bila kusitasita, kwa sababu mafuta yaliyomo huirudishia rangi ukolezi wake kwa namna ambayo waksi ya kupuliza haiwezi.

Mahali ambapo waksi inafanya kazi

Adui ambaye waksi inapambana naye kweli ni kile kinachodondoka na kuganda: kinyesi cha ndege, utomvu wa miti, wadudu waliopondeka kwenye bampa, maji yenye chumvichumvi, vumbi la chuma kutoka kwenye breki.

Tazama kinyesi cha ndege kwa karibu. Kimedondoka kwenye boneti asubuhi, kikiwa majimaji bado. Jua linapanda, bati linapata moto, klia inalainika kidogo na kutanuka. Kinyesi kinakauka na kuwa kigumu huku kimeishikilia klia iliyolainika. Jioni bati linapoa, klia inasinyaa, na inapokaza inajifinyanga kufuata umbo la kile kilichoganda juu yake. Ongeza asidi ya yuriki iliyomo ndani ya kinyesi. Kesho yake ukikiosha unakuta doa lisilong'aa, lenye kingo zinazoonekana ukiinama na kutazama boneti kwa ubavu. Doa hilo halitoki kwa shampuu.

Waksi hapo inakupa muda. Inakaa katikati ya kinyesi na klia, inachelewesha asidi kufika, na inakifanya kinyesi kishike kwa udhaifu ili kitoke bila kusuguliwa. Muda wenyewe ni wa saa, usiuhesabu kwa siku. Waksi nene ya kopo au silanti itakupa muda mrefu kuliko waksi ya kupuliza. Hilo halina ubishi. Hata hivyo chupa ina faida ambayo kopo halina, kwamba unaweza kuiweka kwenye buti pamoja na kitambaa kisafi. Unapokuta uchafu umedondoka, unapuliza hadi ulowe, unasubiri dakika moja, unaunyanyua kwa kitambaa bila kukandamiza, kisha unapuliza tena na kufuta kwa upande mkavu. Kwa rangi, kinyesi kilichotolewa ndani ya saa moja ni heri kuliko waksi bora kabisa iliyoachiwa kinyesi siku tatu.

Ndani ya kopo, ndani ya chupa

Waksi za kopo zenye sifa hutengenezwa kwa karnauba, nta inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoitwa Copernicia prunifera, unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 82 hadi 86 za Selsiasi, ilhali nta ya nyuki inayeyuka kwenye 62 hadi 64. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu bati la gari jeusi lililoachwa juani linaweza kupita nyuzi 70. Nta laini hapo inakuwa majimaji, vumbi linaizamia, na mvua ya kwanza inaiondoa.

Ila karnauba tupu ni ngumu kiasi kwamba huwezi kuipaka kwa mkono. Lazima ichanganywe na viyeyushi, mafuta na nta nyingine hadi iwe laini. Kwa hiyo kopo linalojitangaza kuwa na karnauba safi asilimia mia linazungumzia usafi wa karnauba iliyotumika. Halisemi kwamba kopo zima ni karnauba, na haliwezi kuwa hivyo.

Chupa ya kupuliza ina maji mengi, na ndani ya maji hayo mna matone madogo sana ya nta au polima, silikoni, na kiambato kinachofanya vitu hivyo visitengane. Ukipuliza na kufuta, maji yanakwenda zake, na kinachobaki ni kidogo kwa sababu kilikuwa kidogo tangu mwanzo. Hakuna ujanja wa kiwandani uliojificha hapo. Bidhaa iliyotengenezwa ifutike kwa urahisi na isiache alama nyeupe haiwezi kuacha nyuma tabaka nene.

Silanti msingi wake ni polima badala ya nta, haina shauku ya kuyeyuka juani, na inashika vizuri zaidi kwenye rangi safi. Seramiki ya fundi ni jambo lingine: inaungana na uso wa klia kikemia, inakauka kuwa ngumu, na kuitoa kunahitaji polishi ya kusaga. Inastahimili sabuni kali na kemikali ambazo zingefuta waksi kwa mara moja. Lakini ikipakwa juu ya mikwaruzo inaifungia humo kwa miaka, na ndiyo maana kazi kubwa ya fundi wa seramiki ni kuandaa rangi kabla hata hajafungua kichupa chake.

Kuhusu mng'ao nitasema kidogo tu, maana mabishano yake ni mengi kuliko tofauti zenyewe. Karnauba hutoa mng'ao wenye kina kwenye rangi nyeusi, nyekundu na buluu iliyoiva. Silanti hung'aa kama kioo. Kwenye nyeupe na fedha sioni anayeweza kuzitofautisha kwa macho. Sehemu kubwa ya mng'ao inatokana na usafi na ulaini wa klia iliyo chini.

Hesabu inayobadilisha uamuzi

Kupaka waksi ya kopo sawasawa ni kazi. Unaosha, unakausha, unapaka tabaka jembamba kipande kwa kipande, unasubiri iwe ukungu, unafuta, unageuza kitambaa, unafuta tena. Kisha unahangaika na weupe ulioingia kwenye plastiki nyeusi za pembeni na kwenye mianya ya milango. Saa moja na nusu haitoshi kwa gari kubwa. Kwa sababu hiyo wenye makopo wengi huyafungua mara moja au mbili kwa mwaka. Waksi ya miezi miwili ikipakwa mara mbili kwa mwaka, gari limelindwa miezi minne, na miezi minane limekaa uchi.

Chupa ya kupuliza inachukua dakika kumi hadi kumi na tano baada ya kuosha. Anayeosha gari kila baada ya wiki mbili na kupuliza kila mara, gari lake halikai uchi hata wiki moja mwaka mzima. Ulinzi wake ni mwembamba, lakini upo siku ndege anapopita. Hii ndiyo hoja yangu yote kuhusu waksi ya kupuliza: usiilinganishe na kopo kwa nguvu ya mpako mmoja. Ilinganishe kwa idadi ya siku ambazo gari lako lina kitu juu yake, ukizingatia tabia yako halisi, si ile unayoikusudia.

Upande wa pili ni kwamba hesabu hii inamwangukia vibaya asiyeosha gari lake. Kama gari linaoshwa mara moja kwa miezi miwili, chupa ya kupuliza haikufai. Usiinunue. Afadhali silanti mara mbili au tatu kwa mwaka, ukae na amani. Na kama gari linapelekwa kwenye mashine ya kuoshea yenye sabuni kali ya kukata mafuta, waksi ya kupuliza itaondoka kwa ziara moja au mbili. Hata ile ya kopo itapunguka upesi.

Matumizi bora kuliko yote ni kuzitumia pamoja. Weka silanti, au waksi ya kopo kama unapenda kazi ya mkono, iwe msingi mara mbili kwa mwaka. Kisha puliza baada ya kila kuosha au kila mara ya pili. Waksi ya kupuliza ndiyo itakayochakaa kwanza, na msingi utakaa muda mrefu zaidi kuliko ungekaa peke yake. Watu wengi wenye magari ya kawaida wakifanya hivyo hawahitaji seramiki. Seramiki namshauri mwenye gari jipya au lililotoka kusagwa vizuri, anayekusudia kukaa nalo miaka kadhaa, na ambaye tayari anajua kuliosha bila kulikwaruza.

Maandishi ya kwenye chupa

Rafu za waksi zinachanganya kwa makusudi au kwa bahati mbaya, sijui, ila chupa tatu zinazofanana zinaweza kuwa na vitu vitatu tofauti. Kuna dawa ya kung'arisha kwa haraka, ambayo kazi yake ni kulainisha, kuondoa alama za vidole na kung'aa. Ulinzi wake ni wa siku chache. Kuna waksi ya kupuliza yenyewe. Halafu kuna dawa ya kupuliza yenye silika, inayouzwa kwa jina la seramiki. Hii ya mwisho hukaa zaidi ya waksi ya kupuliza, miezi kadhaa ikipakwa juu ya rangi safi, na kama unachagua chupa moja tu ningekuelekeza huko. Lakini si seramiki ya fundi na usiitarajie miaka.

Ukiona 9H imeandikwa kwa herufi kubwa, tambua kwamba kipimo hicho mara nyingi ni cha penseli: uso unakwaruzwa kwa penseli za ugumu tofauti kuona ipi inauacha na alama. Si kipimo cha Mohs wanachotumia wanajiolojia, ambacho almasi ina 10. Mchanga unakwaruza seramiki yenye 9H bila shida.

Kisha shanga za maji. Matangazo yote yanaonyesha maji yakijikunja kuwa shanga na kuviringika kwenye boneti. Inavutia, na silikoni kidogo sana inatosha kuifanya itokee. Shanga zinakwambia uso unasukuma maji. Hazikwambii kilicho juu ya rangi ni kinene kiasi gani au kitastahimili nini. Tena shanga zikikaukia juani zinaacha duara za madini zinazoweza kuichoma klia, kwa hiyo gari linalosukuma maji vizuri ndilo linalohitaji kukaushwa kwa bidii zaidi. Na zikitoweka usikimbilie kusema waksi imekwisha. Safu ya uchafu inaweza kuzizima. Osha kwa shampuu isiyo na waksi, suuza, tazama tena: maji yakilala bapa kama shuka, basi imekwisha kweli.

Namna ya kuipuliza isilete hasara

Mikwaruzo myembamba ya mviringo inayoonekana chini ya taa mara nyingi hutokana na kuosha na kufuta vibaya. Waksi ya kupuliza inaweza kuiongeza vibaya sana kama mtu anaipuliza juu ya gari lenye vumbi na kuanza kufuta. Ile ni sawa na kupiga msasa. Gari lazima liwe limeoshwa. Baada ya kuosha, ingiza mkono ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, upitishe polepole juu ya boneti. Plastiki inakuza hisia za vidole, na utasikia vichangarawe ambavyo macho hayaoni. Vikiwepo, vitoe kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, kwenye uso uliolowa kilainishi, kabla ya kuweka msingi wowote. Waksi inayopakwa juu ya vichangarawe inashika vichangarawe, haishiki rangi.

Gari liwe kivulini na bati liwe la baridi ukiligusa. Puliza mara moja au mbili kwa kipande kimoja, nusu ya boneti kwa mfano. Wengi humwaga nyingi mno, halafu wanalaumu chupa kwa michirizi. Tumia vitambaa viwili vya maikrofaiba: cha kwanza kusambaza, cha pili kikavu kumalizia, na vyote vifuliwe bila kilainishi cha nguo. Chupa nyingi zinaruhusu kupuliza gari likiwa bado na maji, na mimi hupendelea hivyo, kwa sababu kitambaa cha kukaushia kinateleza badala ya kukwaruza.

Kwenye kioo cha mbele usipulize. Waipa zitaanza kutetemeka na usiku taa za wanaokuja zitatawanyika. Kwenye gari lenye rangi isiyong'aa ya mati, waksi ya kawaida itaacha mabaka yanayong'aa, kwa hiyo tafuta bidhaa ya mati. Gari lililopigwa rangi upya gereji lisiguswe na waksi hadi viyeyushi vitoke ndani ya rangi. Watengenezaji wengi wa rangi hizo hutaja siku 30 hadi 90, na fundi aliyeipiga ndiye wa kumuuliza. Gari jipya kutoka kiwandani halina shida hiyo, kwani rangi yake ilikaushwa kwenye tanuri kali.

Na popote unapopuliza, angalia upepo unaelekea wapi. Waksi ikitua kwenye diski za breki, au kwa pikipiki kwenye kiti na sehemu ya tairi inayogusa barabara, inageuka hatari ya maisha. Karibu na magurudumu ipulize kwenye kitambaa, usiipulize hewani, na kama una shaka kwamba imefika kwenye diski, isafishe kwa dawa ya kusafishia breki kabla hujawasha gari.